Redio ya Darasa la Sita

Enzi zile za foleni za sukari, mimi nilikuwa mgonjwa wa Jumatano. Siku nyingine zote nilikuwa mzima kabisa, ila Jumatano, siku ambayo darasa la sita lilikwenda kupalilia pamba ya shule, malaria ilinipanda asubuhi na kushuka mchana. Nilikuwa mtu wa nyumbani toka nizaliwe, na mpaka leo ukinitafuta utanikuta sebuleni.

Kwetu ni Iringo, pale Musoma. Baba alishona nguo barazani, redio yake kando ya cherehani. Betri zilimfikia kutoka Sirari, mpakani na Kenya, kwa njia ambayo hatukuulizana. Redio ya shule haikuwa na betri tangu muhula uanze, hivyo kipindi cha masomo cha Jumatano kilipita hewani darasa letu likiwa shambani. Mimi nilikisikiliza chote, nimelala mkekani, nikiguna kidogo kila baba alipogeuka.

Alhamisi moja mwalimu wetu wa jiografia aliingia amenywea. Mkaguzi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na muda si mrefu angekuja kutuuliza juu ya kipindi cha jana. Mwalimu akauliza kama kuna aliyekisikia. Nikijitaja, nimejikamatisha mwenyewe. Nikinyamaza, mwalimu ninayempenda anaaibika. Nikanyoosha mkono.

"Wewe si ulikuwa na malaria?"

"Nilikuwa naumwa karibu na redio, mwalimu."

"Huyu anaumwaga kila Jumatano," akasema msichana wa dawati la nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele. Hapo nikakimwaga kipindi chote, jinsi mvuke unavyopanda kutoka ziwani hadi kuwa mvua, kwa sauti ileile ya mtangazaji, bila kuruka neno, pamoja na yale yasiyomhusu mwanafunzi: "Mwalimu, sasa chora ziwa ubaoni." Akachora. "Watoto, simameni, geukeni upande wa ziwa." Wakageuka wote, wakampa mgongo mkaguzi aliyekuwa anaingia.

Mkaguzi aliuliza maswali matatu. Yote yalijibiwa, la mwisho na yuleyule msichana wa nyuma. Kisha akataka kujua redio iko wapi. Mwalimu akanionyesha kwa chaki.

"Ndiyo hii, mzee. Haili betri."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani.

Alipoondoka, mwalimu akaniinamia. "Leo umetuokoa. Jumamosi utakuja kuzilimia Jumatano zako zote."

Nilikwenda. Nilipalilia matuta manne peke yangu, mikono yote miwili ikatoka malengelenge. Niliporudi sikuingia ndani, jambo ambalo kwangu lilikuwa halijawahi kutokea. Nilikaa barazani, viganja juu, mpaka kila mteja wa baba akauliza nimefanya nini, nami nikamsimulia tangu mwanzo.