Programu Iliyomzika Mkurugenzi

Karani wa masijala, aliyeitwa Bi Vidole kwa kasi yake ya kuchapa, alikuwa na kiprogramu alichokipenda: akiandika "mh", kinamalizia "Mheshimiwa". Asubuhi moja kilijisasisha bila hodi, na barua za mwaliko zikatoka zikimwita mkurugenzi "Marehemu".

"Mama, umenizika nikiwa hai?" mkurugenzi alifoka mbele ya ofisi nzima.

Bi Vidole aliomba radhi, kisha akaingia kwenye ukurasa wa maoni wa kiprogramu na kuwaandikia watengenezaji wake: "Miaka sita nawasifu! Nani kawatuma mguse maneno yangu? Nawapa nyota moja, tena kwa kuwa hamkuweka sifuri!"

Jibu likaja papo hapo: "Asante! Tumefurahi umeipenda."

Akakifuta kiprogramu. Sasa huandika "Mheshimiwa" herufi kwa herufi, akigonga vitufe kama anayemchapa mtu makofi.