Fulbeki Aliyehamia Malvern

Enzi zetu pale Malvern, mtaa wa Johannesburg, kati ya mwaka 2015 na 2019, mtoto akitoka shule alitupa begi mlangoni na kutokomea. Mama yangu alisuka nywele kwenye saluni ya barabara ya Jules, na maneno yake ya kuniaga yalikuwa yale yale kila siku, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Murudi mbele giza iingie," yaani kabla ya giza kuingia. Tulinunua magwinya ya moto kwenye spaza, kiduka cha mtaani, yale maandazi manene yanayokuachia mafuta mpaka kwenye viwiko, tukayala huku tunakimbilia uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi tupu nyuma ya karakana iliyofungwa zamani. Vumbi la njano la vilima vya migodi lilitupaka hadi kope.

Aliyetufundisha raga hapo alikuwa mzee kutoka Australia, jina lake Desi. Sisi Wakongo tulimwita Papa Desi. Rafiki yangu Riziki, ambaye wazazi wake walitoka Tanga, alimwita Babu. Alikuja Johannesburg kumfuata mke wake, muuguzi mzaliwa wa Malvern, na mke alipofariki akabaki peke yake kwenye nyumba yao. Raga yake haikuwa ile wanayoipenda watu wa Afrika Kusini. Ilikuwa ya wachezaji kumi na watatu, na yeye alikuwa fulbeki, yaani beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wenzake wote kudaka mipira ya juu.

Maisha yake ya mpira tuliyajua kuliko masomo yetu. Alikulia kwenye mji wa makaa ya mawe, ambako baba yake alirusha mpira juu ya paa la nyumba ili yeye, upande wa pili, audake bila kuona ulikotoka. Bado kijana mdogo, klabu kubwa ya Sydney ikamchukua. Alivunjika pua, mbavu na vidole. Kidole gumba chake kimoja kilielekea pembeni, nasi tulikishika kwa zamu. Lakini habari ya mechi yake ya mwisho ilikatika pale pale kila mara. Mpira ulipigwa juu sana, akausubiri, bega la mtu likampata kichwani.

"Nilizindukia hospitali," alisema kwa Kiingereza chake cha puani. "Mpira ule sijauona ukishuka mpaka leo."

Nasi tukajikuta tunatazama juu.

Kadiri miaka ilivyokwenda, akili yake ilianza kupotea. Alisahau majina yetu. Alisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Jules, taa ikiwa ya kijani, teksi zinapiga honi, naye ameinua uso kwenye anga lisilo na hata wingu. Uwanjani alijipanga nyuma kabisa, peke yake, akawaamrisha watu ambao sisi hatukuwaona. "Sogea kushoto. Angalia nyuma yako." Watoto wengine waliacha kuja. Siku moja, jua la mchana likiwa kali, Riziki alinishika mkono nilipotaka kukatiza.

"Usipite hapo katikati," aliniambia. "Wamesimama."

Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo tulizunguka kwa pembeni.

Halafu ikaja ile alasiri ya Agosti. Upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ulikatika ghafla. Hata hadeda, wale ndege wenye kelele za kuudhi, walinyamaza. Riziki alikuwa amefuata mpira chini ya ukuta wa karakana, akachuchumaa kufunga kamba za viatu. Papa Desi alikuwa mahali pake, mikono imelegea. Akainua uso. Nami nikaangalia huko huko: hakukuwa na kitu.

"Yangu," alisema taratibu. Ndilo neno la fulbeki, la kuwaambia wenzake wamwachie mpira.

Akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Mara mbili alipinda kiuno, kama anayewakwepa watu. Alimzoa Riziki kwa mkono mmoja, wakabiringika vumbini, na hapo tu ndipo upepo ulipokuja, wote kwa mpigo. Bati lenye kutu lilibanduka kwenye paa la karakana, likazunguka hewani, likashuka kwa makali na kuchoma ardhi pale pale Riziki alipokuwa amechuchumaa. Lilibaki limesimama, likitetemeka.

Papa Desi alikuwa chali, amemkumbatia Riziki kifuani kwa mikono yote miwili.

"Nimeudaka?" aliuliza.

Riziki alitema vumbi. "Umeudaka, Babu."

Mzee akalia. Jioni ile baba yake Riziki alimpelekea sahani ya pilau, akakosa Kiingereza cha kushukuru, akasimama tu mlangoni kamshika mkono. Papa Desi hakuwaamrisha tena wale watu wake. Baadaye mpwa wake alikuja kutoka Australia akamchukua.

Sasa naishi Randburg, kwenye fleti yenye geti la umeme. Mdogo wangu anacheza raga kwenye simu akiwa amelala kwenye sofa. Lifti ikiharibika anafika juu anahema kama mfungaji wa fainali. Nilipomsimulia habari hii aliuliza jambo moja tu: "Nani alirekodi?"

Eish. Hakuna aliyerekodi. Tulikuwa na mchana mrefu, na wazazi waliotuacha tushinde na mzee asiye ndugu yetu, asiyejua hata neno la lugha yetu. Leo mdogo wangu hamjui anayeishi mlango wa pili. Kusema kweli, hata mimi simjui.