Uduvi wa Nywele za Ndama

Kwetu Masisi, sisi watu wa ng'ombe hatukula samaki, na mambo ya mtoni hayakutuhusu. Kwa hiyo mzungu mwenye shamba tulilokaa aliponitaka nimfungie kwenye ndoano uduvi wa bandia, chambo cha kuvulia samaki, nilidhani ananitania. Alikuwa ameona vikapu vyangu, akasema vidole vyangu vinafaa. Ndoano na uzi angeleta yeye.

Nilikubali kwa sababu moja tu. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba barabara upande wa Kashebere, na mzungu aliahidi kwamba akipata samaki mkubwa kwa uduvi wangu, atamwombea aachiliwe. Neno lake moja lingetosha. Sisi tungelia mwaka mzima, nani angesikia?

Uduvi niliowahi kuuona ni ule mkavu tu, waliouleta sokoni wanawake wa Walikale. Niliuiga vilevile. Mgongo ulikuwa utepe mwembamba wa mgomba, miguu unyoya wa jogoo, macho mbegu nyeusi, na masharubu marefu nywele za mkia wa ndama wetu. Nikaupaka rangi ya vikapu, ukawa mwekundu na umejikunja vizuri. Ungeweza kuutia kwenye mboga. Samaki hawakuugusa, na mzungu akawa anarudi mikono mitupu, amenuna.

Mama mmoja wa Kibua, muuza uduvi, aliponikuta nikifunga mwingine alicheka mpaka akashusha kikapu chake.

"Mama, hii umeisha kuipika," akaniambia. "Ikiwa nzima mu maji, iko na rangi ya maji yenyewe. Unaona macho tu."

Niliona aibu, kisha nikaanza kutumaini, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi baadaye. Niliacha rangi, nikaunyoosha mgongo, nikaufunga mwili mzima kwa nywele za kijivu za ndama. Mzungu alirudi na samaki aliyemshinda kubeba peke yake.

Nilimkumbusha ahadi yake. Alikuwa akiufuta uduvi kwa kitambaa chake cha mfukoni, polepole, kama anayemfuta mtoto pua.

"Bwana yako akirudi, mutaenda kwenu ku mulima," akasema. "Na mimi, nani atanifungia?"

Nilimchukia. Niliwaza kumfungia tena ule mwekundu, lakini asipopata samaki hana sababu ya kumwombea mtu, na akipata hana sababu ya kuniacha niende. Nilizunguka na wazo hilo jikoni, nikishika hiki na kukiacha, wala sikupata pa kutokea. Yeye aliweka ndoano mpya mezani akaondoka akipiga mluzi.

Nilikwenda zizini kumtafuta ndama. Mkia wake ulikuwa umekwisha nywele, nikamshika mkia mama yake.