Salamu Niliyopewa Kabazana

Kabla hujaniambia nilikuwa na njaa, au jua lilinipiga utosini, tulia nikwambie: siku ile nilikuwa nimekula wali na maharage Mbarara mjini, nikashiba, na jua halikuwepo. Kulikuwa na mvua. Tena ilikuwa saa nane mchana. Watu wanadhani mambo haya hutokea usiku wa manane, mbwa wakibweka. Yangu yalitokea mchana, kwenye kibaraza cha duka la kuchajia simu, na mimi ni mwanafunzi wa maabara, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia damu kwenye kioo na kusema kilichomo tu. Usiponiamini sikulaumu. Kuna siku mimi mwenyewe sijiamini.

Kwetu ni Kigoma. Mwaka jana chuo kilinipeleka Kampala kwa muhula mmoja, wale tunaobadilishana na wenzetu, na katikati ya muhula tukapewa likizo ya wiki moja. Wenzangu walipanga kwenda kupiga picha kwenye maporomoko. Mimi picha za nini, nami nina Riziki wangu?

Riziki tulikalia dawati moja sekondari miaka minne, yeye akiishi kwa shangazi yake pale Kigoma. Ni Mkongo wa Fizi. Tulipomaliza shule mama yake akamwita Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi huko Uganda, na tangu hapo urafiki wetu ukawa wa simu. Mama mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona. Riziki humwita mama, basi, na mimi sikuwahi kuuliza jina.

Nikafika Mbarara asubuhi, nikanunua mkate, sukari na sabuni za mche, maana kwetu hatuendi kwa watu mikono mitupu. Nikapanda gari dogo la kwenda makazi. Riziki alikuwa amenielekeza nishuke Kabazana, pale wanapopokelewa wageni wanaoingia kutoka Kongo na Burundi, nimsubiri bodaboda aliyemtuma. Nilivyoshuka tu, mvua ikaanguka. Nikakimbilia kibaraza cha duka. Lilikuwa limefungwa.

Nikampigia Riziki. Nikaongea kwa sauti, maana bati lilikuwa linapiga kelele: nimefika Riziki, niko Kabazana, bodaboda wako yuko wapi, msalimie mama. Kumbuka hilo, kwamba nilitaja jina lake kwa sauti. Baadaye lilileta ubishi mkubwa.

Nilipokata simu, kulikuwa na binti pembeni yangu.

Sikumwona akija. Alikuwa wa miaka kumi na minne hivi, anafika hapa kwangu, begani. Amevaa sweta la shule la kijani, kiwiko kimoja kimetoboka, na mkononi ameshika sufuria isiyo na mfuniko, nyeusi kwa masizi, sikio moja limekatika. Hakuwa amelowa. Nilifikiri alikuwa pale muda mrefu, nimempita tu na haraka zangu. Wewe ungefikiri nini?

"Uko unaenda kwa Riziki?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, unamfahamu? Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza anakaa wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa mapokezi.

"Niko hapa hapa. Ningali nangojea kuandikwa."

Nikamhurumia, nikafungua mfuko nimpe mkate. Hakupokea. Alinipa yeye ile sufuria, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa adabu.

"Umupelekee mama. Umuambie sufuria niliipata."

Nikadhani ni mtoto wa jirani, labda waliazima. Mambo ya majirani hayo, nani asiyeyajua? Mara bodaboda akatokea na koti lake la njano, anapiga honi. Nikaanza kuhangaika na begi, mfuko wa sukari, sufuria, na viatu vinateleza kwenye tope. Binti akasema neno jingine. Mimi nikajibu, "Sawa." Hilo "sawa" langu nalikumbuka kabisa, na nalikumbuka hata nikiwa nimempa mgongo. Nilipokaa kwenye pikipiki na kugeuka nimpungie, kibaraza kilikuwa kitupu.

Riziki alinipokea kwa kelele. Tulikumbatiana, tukarushana, akanicheka nilivyochafuka. Mama yake alikuwa mwembamba, mpole, ananishika mashavu: "Karibu mutoto wangu, karibu. Ulifika muzuri?" Majirani waliopita njiani walimwita Mama Sifa. Nikasikia, nikaacha. Mizigo nikaiacha nje chini ya upenu, sufuria ikiwemo, nikaingia kunywa chai.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nisikufiche. Mama yangu alinilea akiniambia kila siku: salamu ni amana, ukitumwa uifikishe kabla hujakaa. Mimi nilikaa. Nikanywa chai vikombe viwili, nikala mihogo, nikapiga umbea na Riziki mpaka mbavu zikaniuma. Kulikuwa na furaha kubwa mle ndani. Walikuwa wamepata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali, mama na mwana, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Begi lilikuwa limefungwa kamba ukutani. Huko Riziki angerudi shule. Mara mbili huko nyuma mama alikuwa amekataa kuondoka, na Riziki hakuniambia kwa nini. Safari hii amekubali. Riziki alikuwa anang'aa, nakwambia.

Ndipo nikakumbuka. Nikasema, jamani, nina mzigo wa mama! Nikatoka, nikarudi na sufuria.

"Kuna binti kaniagiza pale Kabazana. Anasema sufuria aliipata."

Kikombe kilimtoka mama mkononi. Alisimama, akaenda ukutani, na hapo ndipo nilipoona mfuniko uliotundikwa kwenye msumari, peke yake, umesuguliwa mpaka unawaka. Akaushusha. Akauweka juu ya sufuria. Ukakaa.

"Ulimuona fasi gani?" akaniuliza. "Alikuwa mukubwa namna gani?"

Nikainua mkono mpaka begani kwangu. Yeye naye akainua wa kwake, na mikono yetu ikawa usawa mmoja.

"Na sweta?"

"La kijani, mama. Limetoboka kiwiko."

Akakaa chini, akaikumbatia ile sufuria akalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa furaha. Mimi nimesimama kama mti, sielewi kitu. Nimefanya nini?

Riziki alinivuta hadi jikoni nyuma ya nyumba. Ndipo nikaelezwa. Sifa alikuwa dada yake, kifungua mimba. Siku walipokimbia kijijini kwao walikuwa wameshavuka kijito mama alipogundua ameshika mfuniko, sufuria imebaki mekoni. Akamwambia Sifa, rudi mbio ukaichukue, tutapikia nini huko? Sifa akarudi. Wakaanza kusikia risasi. Hawakumwona tena, mzima wala maiti. Miaka kumi na mitatu. Miaka minne dawati moja, Riziki hajawahi kunitajia!

"Ndiyo maana mama alikuwa hataki kuondoka," akasema. "Kila mara anasema Sifa akija atamkuta nani? Nimemwomba, wachungaji wamemwomba, mpaka juzi akakubali. Juzi, rafiki yangu! Na wewe unaniingilia na sufuria."

"Lakini Riziki, mimi nimemwona."

"Umemwona mtoto. Amekusikia kwenye simu ukinitaja. Habari ya sufuria kambi nzima inaijua, mama anamsimulia kila anayekaa naye. Kuna watu wana roho mbaya, wanacheza na watu. Sufuria za namba ile ziko kila soko." Akahesabu kwa vidole. "Sifa angekuwa na miaka ishirini na saba sasa. Wewe uliona wa kumi na minne. Mimi, mdogo wake, nimekuwa mkubwa wake!"

Alivyosema hivyo, nilimwona akijishika mikono. Kisha akanishika mabega.

"Hakusema kingine? Fikiria vizuri. Hakusema tuende? Mwambie mama alisema tuende. Nakuomba. Mwambie: alisema baende, basinigojee."

Sasa sikiliza, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Riziki alipotamka vile, papo hapo nilimwona yule binti kibarazani, akifungua mdomo, akisema: "Na umuambie baende. Basinigojee." Na mimi najibu, "Sawa." Haki ya Mungu nilimwona! Lilikuwa limekaa kabisa mahali pake lile neno. Nilijibu "sawa" kwa kitu fulani, si ndiyo? Mtu hajibu "sawa" hewani.

Nikaingia ndani mbio. Nikapiga magoti nikamwambia mama: kuna neno nilisahau, alisema muende, msimngojee.

Mama aliniangalia. Halafu akamwangalia Riziki aliyesimama mlangoni nyuma yangu, macho yamevimba. Akatabasamu, bila hasira yoyote.

"Hiyo ni maneno ya Riziki, mutoto wangu. Yako umeshasema, nakushukuru."

"Mama, ni kweli alisema!"

"Alipokupatia sufuria ulinipatia sufuria. Kama alikupatia neno, ungenipatia pamoja." Akauweka mfuniko vizuri. "Yeye alinigojea. Alikataa kukomaa mpaka nimuone. Na mie nitamugojea."

Kesho yake tukaenda Kabazana wote watatu. Tukauliza mapokezi. Dada mmoja mpole alituangalizia orodha ya waliofika, hakuna Sifa wa Fizi, hakuna binti wa umri ule aliyekuja bila watu wake. Akina mama waliokuwa wanapika waliapa hawajamwona mtoto wa sweta la kijani. Mwenye duka alisema siku ile hakufungua kabisa. Nikamtafuta bodaboda wa koti la njano. Nikamuuliza, yule binti niliyekuwa naye jana, alikwenda upande gani?

"Nyabo, dada yangu, binti gani? Mimi nakuta wewe peke yako. Wewe ilikuwa naongea, mimi nafikiri iko kwa simu."

"Na sufuria?"

"Sufuria ilikuwa nayo. Mizigo yako mimi hapana hesabu."

Nikamwambia Riziki, umesikia? Riziki akasema, bodaboda hawaangalii abiria, wanaangalia pesa. Mama yeye hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameshakaa kwenye kibaraza, sufuria mapajani.

Niliporudi Mbarara kupanda basi nilipitia sokoni, kwa wauza vyombo. Nikaokota mifuniko ya namba ile na kuijaribu kwenye sufuria moja baada ya nyingine, mpaka muuzaji akanijia juu: "Nyabo, unanunua ama unacheza?" Yote ilikaa. Riziki alisema kweli, mfuniko wowote ungekaa. Nilifikiri nitapoa roho nikilijua hilo. Wapi! Na sweta je? Na kiwiko? Sweta za kijani nazo ziko kila shule, najua. Kila kitu kina jibu lake, nami majibu yote ninayo, na bado nikifumba macho ninamwona amesimama mkavu kwenye mvua.

Siku tisa zikaisha. Mama hakupanda gari la safari. Riziki naye, begi likiwa limeshafunguliwa kamba, akasema siwezi kumwacha amekaa pale peke yake na sufuria. Nafasi yao ikapita. Sasa Riziki anauza nyanya na dagaa pale senta, penye maduka, na shule ameacha kuitaja. Kila siku saa nane mama anakwenda Kabazana na kurudi jua likizama. Anasema hana haraka. Amenenepa hata, Riziki anasema, na usiku analala.

Wanasema mjumbe hauawi. Kweli, hakuna aliyenigusa. Riziki bado ananipigia simu, tunaongea ya kuongea, tunacheka. Kisha kabla ya kukata anauliza, kila mara, polepole kama anaogopa mama asisikie: "Hebu niambie ukweli. Alisema tuende, au ni mimi nilikwambia?"

Namjibu: alisema. Lakini nikilikumbuka lile neno siku hizi, midomo naiona ni ya yule binti, na sauti ninayosikia ni ya Riziki. Nimejaribu kuzitenganisha, nimeshindwa. Kama alisema, kwa kuichelewesha nimemnyima mama kauli ya mwisho ya mwanawe. Kama hakusema, nimepiga magoti na kumdanganya mama aliyenipa chai. Chagua wewe lililo afadhali.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukipewa salamu na mtu usiyemjua, muulize jina, muulize la mama yake, mshike mkono usikie kama una joto. Kuuliza si ujinga. Na ukishaibeba, ifikishe ukiwa bado mlangoni, yote, kabla hujavua viatu. Chai itakusubiri.

Na siku ukipita Kabazana mchana ukamwona mama mwembamba kibarazani, ana sufuria iliyofunikwa mapajani, simama umsalimie, atafurahi sana. Atakuuliza umetumwa na nani. Mwambie hujatumwa na mtu.