Kuoga kwa Ndoo Kando ya Ziwa

Nitaanza na aibu yetu, maana bila hiyo ushindi wenyewe hauna ladha. Tulikuwa wasichana wanane kutoka Songea, tumepiga kambi kando ya Ziwa Nyasa, maji mbele yetu hayana mwisho, na tulikuwa tunaoga kwa ndoo. Nusu ndoo kila mtu. Tuliyateka ziwani, tukayabeba kichwani hadi kwenye bafu la nyasi nyuma ya mahema, tukajimwagia kwa kikombe huku tukibaniana, utadhani tuko mtaani kwetu Majengo siku ambayo bomba halitoi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Ilikuwa kambi ya vijana wa parokia yetu, siku kumi kila likizo ya Juni. Songea mwezi huo ni sweta asubuhi na sweta jioni, kwa hiyo kushuka kwenye joto la ziwani tulikuona kama kwenda ng'ambo. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa kidato cha kwanza, na mwaka ninaousimulia nilikuwa kidato cha tatu. Mbele ya kambi, ndani ya maji, palikuwa na jiwe kubwa jeusi, mbali kiasi cha nusu ya uwanja wa mpira. Wavulana waliogelea hadi pale, wakapanda, wakapiga mayowe, wakarudi wakijidai. Wasichana tulikatazwa maji yanayopita magoti. Aliyekataza ni mlezi wetu, mwalimu wa kike wa makamo, mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo. Ukimuuliza sababu anakujibu, "Nimeshasema." Miaka miwili nilikaa mchangani nikilinda viatu na simu za wavulana, na roho iliniuma kweli kweli. Nilitaka kufika kwenye lile jiwe kuliko nilivyotaka kufaulu hesabu.

Asubuhi ya pili ya kambi ile tulikwenda kuosha masufuria upande wa wanawake. Kule ziwani wanawake wana sehemu yao, imejificha nyuma ya matete, wanafua na kuoga hapo, na mwanamume hapiti. Tulipomaliza masufuria tukajaza ndoo zetu. Mama mmoja aliyekuwa anafua akatutazama.

"Shikamoo mama," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hayo maji mnapeleka wapi?"

"Kuoga, mama."

Akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka mpaka mmoja akaachia shuka lake likaanza kwenda na maji.

"Ziwa lote hili, nyie mnaoga kwenye ndoo! Mmetokea wapi?"

"Songea."

"Aa, watu wa milimani. Basi tumewasamehe."

Mimi sipendi kusamehewa. Nikaweka ndoo chini, nikaingia na gauni langu mpaka kifuani, nikateleza, nikanywa maji ya kutosha. Yule mama akanitoa kwa kunishika ukosi, kama anayetoa kuku kisimani.

"Ukikasirika unakakamaa," akasema. "Ukikakamaa unazama. Kesho njoo na dumu."

Nikaja na dumu tupu la mafuta ya kula, la lita tano. Akalifunga kifuani kwangu kwa kanga, akanisukuma. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Wenzangu wawili walisugua masufuria kwa mchanga, wa tatu alisimama njiani kuangalia mlezi asije, na mimi nilipiga maji kwa mikono na miguu huku mama wa watu akinifokea kutoka kwenye jiwe lake la kufulia. Alinifundisha kulala chali na kupumua. Siku ya sita akalifungua dumu bila kuniambia, na nilikuja kugundua tayari nimeogelea. Masufuria ya kambi hayajawahi kung'aa vile, kabla wala baada ya hapo.

Siku ya saba mlezi alitaka kujua ni masufuria gani yanayooshwa asubuhi nzima. Alipita njia nyingine. Alinikuta kwenye kina, na sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka namna ile.

"Toka! Toka humo sasa hivi!"

Kambini alituambia wasichana wote tufungashe, kesho tunarudi nyumbani, na mwaka unaofuata atakuja na wavulana peke yao. Wenzangu walianza kulia. Mimi mdomo wangu haujawahi kujua kunyamaza, nikamwambia anipe nafasi moja aone mwenyewe. Hapo ndipo mama wa ziwani, aliyetufuata nyuma na nguo zake zimelowa, aliponiombea.

"Mwalimu, huyu anaweza. Kesho mapema, kabla ya upepo, nitakuwa pembeni yake na mtumbwi."

Mlezi alikwenda ufukweni akalitazama lile jiwe, akarudi. Kisha akasema nikifika kwenye jiwe na kurudi bila kushika mtumbwi, wasichana wote tutaingia majini kuanzia siku hiyo. Nikishika, tunafungasha.

Kesho yake kambi nzima ilijipanga ufukweni. Niliogelea kama mbwa, sina mtindo wa kujivunia. Katikati ya njia mabega yaligoma. Ubavu wa mtumbwi ulikuwa karibu kabisa, ningenyoosha mkono tu.

"Lala chali," mama akasema taratibu. "Pumua."

Nikalala chali, nikatazama mawingu, nikawafikiria wale saba waliokwisha kukunja mablanketi yao. Kisha nikageuka nikaendelea. Jiwe lilikuwa na utelezi, likanichubua goti, nikalipanda hivyo hivyo. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Malawi. Wavulana, wale wale wenye kujidai, walipiga makofi, na nakiri nililia kwa furaha bila kuona haya.

Kurudi sikukumbuka hata kuchoka. Nilipogusa mchanga kwa miguu nikamwona mlezi amesimama majini na viatu vyake.

"Nimerudi, mwalimu."

Akawageukia wenzangu. "Ingieni."

Wakanipita mbio, wanapiga kelele, kanga zinaelea. Yeye akabaki pale, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi sijui kuogelea. Miaka yote nimekuwa nikiwaza, mmoja wenu akizama nitasimama hapa nimtazame tu."

Miaka miwili nilikuwa nimemtukana moyoni. Nikampa mkono. Akavua viatu, akavirusha mchangani, akaufuata mkono wangu akiwa amefumba macho. Maji yalipofika kifuani akayafumbua, akaachia yowe la furaha lililolishinda langu.