Tunike ya Sauda na Pasi Yangu ya Makaa

Mwanangu, siku ile naikumbuka na jina ya kila muntu mwenye alikuwa pale. Nilikuwa kijana, sijaolewa, na hapa Kamina, mu kambi yote ya reli, minyi Monga nilijulikana kwa kitu kimoja: pasi.

Baba yangu Ilunga alikuwa anatumika kazi kwenye treni. Sare yake naiosha, naichovya mu maji ya mihogo yenye kupikwa, naianika, halafu naipiga pasi ya makaa mpaka suruali inasimama sawa ubao. Kwetu sisi bantu ya reli, nguo yenye haisimame haijapigwa pasi. Bamama balikuwa banasema, "Ukitaka nguo ya heshima, peleka kwa Monga." Na minyi kichwa inavimba.

Rafiki yangu Sauda alikuwa anaolewa siku ya mposho, njo Jumamosi. Mama yake, Mama Zaituni, muntu ya Maniema, alikuwa anauzisha vitambaa. Alimutafutia mutoto wake tunike ya Wahindi, njo kanzu fupi: pamba nyeupe, laini, inafika mu magoti, shingo yote imedariziwa na uzi ya kijani, na shanga ndogondogo zimepangwa juu yake na kwenye pindo yote. Hapa kwetu hakuna mwenye alikuwa ameona namna ile. Sauda akaniletea, imekunjamana kwa kukaa mu valizi ya safari.

"Iondolee tu mikunjo," akasema. "Mama anasema uigeuze ndani inje, na makaa ikuwe kidogo."

"Weye Sauda, unanifundisha pasi, minyi? Enda ukapake hina yako."

Akaenda. Nikaichovya mu maji ya mihogo, sawa sare ya baba. Ilipokauka nikajaza makaa, nikapiga pasi palepale mbele, juu ya shanga, ili ing'are. Nikasikia harufu. Kuinua pasi, shanga sita zikainuka nayo. Kumbe zilikuwa za plastiki.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, kwa sababu kosa yangu haikukuwa pale. Nilikunja ile tunike, upande wa kuungua ndani, mikono juu, vizuri kabisa. Nikasema mu roho: wataifungua siku ya arusi, na mu makelele ya arusi nani atauliza? Nikaipeleka.

Kwa Mama Zaituni nikapewa chai ya tangawizi. Numbi, jirani yetu, alikuwa pale na kitunga yake ya samaki bakavu ya Kinkondja (si Numbi wa Kaniama, ule mwingine, mwenye kucheka sana). Tunike iko juu ya magoti yangu. Sauda akanyoosha mukono. "Leta, basi."

Nikampa, lakini vidole vikakataa kuachilia. Sauda anavuta, minyi navuta. Mama Zaituni akatuangalia.

"Kati yenu bawili, ni nani anaolewa?"

Pale njo nikasema yote, macho chini.

Mama Zaituni akaikunjua, akaiweka juu ya mukeka. Ikasimama. Haki ya Mungu, ilisimama yenyewe, na mikono imenyooka pembeni. Sauda alikuwa anaanza kulia. Mama yake akaizunguka polepole.

"Muione," akasema. "Imefika arusini kabla ya bibi arusi."

Numbi akacheka mpaka kitunga ikapinduka. Sauda akacheka na machozi yake, na minyi pia, mwenye sikukuwa na haki ya kucheka.

Halafu Mama Zaituni akanikalisha karibu yake. "Monga, nguo kuungua, inafikaka kwa kila muntu. Lakini ungeniachia niione siku ya mposho asubuhi, ningefanya nini? Leo niko na siku tatu mu mikono." Akaitia mu maji ya baridi mpaka ikalainika tena. Akatoa shanga kwenye pindo ya nyuma, mahali hakuna mwenye kuangalia, akanipa sindano. "Uliharibu weye, utashona weye. Nitakuonyesha."

Siku ya arusi Sauda aling'aa. Shanga moja niliishona kombo. Kila akiniona mu ngoma anaigusa na kidole, anacheka. Na sindano ile sikuirudisha. Njo inanilisha mpaka leo, na mujukuu wa Sauda, ule Zaituni mudogo, aliolewa juzi na tunike ileile. Shanga kombo ingali pale. Nilikataa kuinyoosha.

Basi, mwanangu, ukipewa kitu chenye haujazoea, uliza namna yake, hata kama mutaa muzima inakusifu. Na ukiharibu kitu ya muntu, usikikunje. Kipeleke wazi, kungali siku za kukitengeneza.

Mungu akupe vidole vyenye kutulia, na rafiki mwenye atavuta upande wa pili mpaka useme kweli, halafu acheke pamoja na weye.