Nilimfuata Makame Hadi Uroa

Niliondoka nyumbani kwa ajili ya dhana, na sioni haya kusema hivyo. Timu yetu ya raga ya mjini ilikuwa ikishinda Jumamosi moja kwa kupendeza, Jumamosi ya pili inachapwa kama watu hawajapata kushika mpira. Miezi mitatu mfululizo ni hivyo hivyo. Mimi ni fundi cherehani wa Mji Mkongwe na jezi zao nazishona mimi. Nahodha wetu, Makame, timu ikishinda huniletea jezi iliyochanika mabegani. Ikishindwa, huileta nzima. Mtu anayecheza raga kwa moyo wote harudishi jezi nzima.

Nikaanza kusema barazani, kwenye kahawa, kwamba Makame kanunuliwa. Haukupita muda nikalisikia neno hilo sokoni. Lisemwalo lipo, nilijiambia, nikasahau kwamba msemaji ni mimi. Viongozi wakanitaka nilete ushahidi kikaoni Jumapili, nao watamtoa timuni. Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, tulikuwa tunacheza na timu ya wafanyakazi wa mahoteli, na Makame anakaa Uroa, kijiji cha pwani ambako mahoteli yamejaa. Niliona bora niende nikamfumanie.

Saa mbili asubuhi niliwasha vespa. Mke wangu aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia nafuata vitambaa. Akanikumbusha kofia.

Nilipofika Mwera nilipitwa na gari la hoteli lenye vioo vyeusi. Nikaishika namba yake kichwani, sijui ya kunifaa nini.

Dunga nilisimama kunywa chai. Muuza chai alipojua nakwenda Uroa aliniambia leo nitapata pweza wengi. Nilimtazama vizuri. Sikumuuliza habari za pweza, kwa nini anipe? Nikanywa chai haraka nikaondoka.

Uroa nilifika saa tatu na nusu. Bi Mize, mama yake Makame, alikuwa akianika mwani mbele ya nyumba. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, na nilipomwambia mimi ndiye fundi wa jezi alifurahi sana, kwani mwanawe hunitaja. Akanikaribisha ndani na kunipakulia muhogo wa nazi. Nilikula huku macho yangu yakitafuta kitu kipya: televisheni, kitanda, hata pazia. Sikuona kitu. Nikamuuliza Makame yuko wapi.

"Kashuka pwani, mwanangu, tangu maji yalipoanza kutoka. Mngojee."

Sikungoja. Nilijibanza nyuma ya mvinje ufukweni, mtu mzima na ndevu zangu. Maji yalikuwa yametoka mbali mno, watu waliokuwa kule mwambani wanaonekana wadogo wadogo. Yalipoanza kurudi, na watu nao wakarudi. Makame alikuja nyuma ya wote, na gunia begani. Mtu mmoja aliyevaa shati la hoteli alikuwa akimsubiri. Wakanong'ona, kisha Makame akamkabidhi gunia. Leo nimekukamata, nilisema moyoni, nikatoka mafichoni.

"Shikamoo, Ami," alisema Makame bila ya kushtuka, na kule kutoshtuka kwake kukanitia shaka zaidi.

Niliuliza gunia lina nini. Yule mtu wa hoteli akalifungua. Lilikuwa na pweza watupu, anawapeleka jikoni. Nikainamisha uso kwa fedheha, ndipo nilipoiona miguu ya Makame. Ilikuwa imechanwa na mwamba na ngozi imekunjamana kwa maji. Na saa kumi alikuwa na mechi.

"Kila Jumamosi unakwenda mwambani?"

"Siku za bamvua tu, Ami, maji yanapotoka mbali. Maji mafu hayatoki mpaka kule, ndipo nnapopumzika. Sisi wachezaji wote wanne wa Uroa ndo hivyo."

Bamvua wiki hii, maji mafu wiki ya pili yake. Nilizikumbuka mechi zetu moja moja, zikaingia zote humo: za bamvua tumeshindwa, za maji mafu tumeshinda. Nimezaliwa kisiwa hiki, nimetimiza miaka hamsini na mbili, na habari za maji nazijua kwa kuuliza bei ya samaki. Makame aliniambia kuwa aliwahi kuwaomba viongozi wapange mechi kwa kufuata maji, nao wakacheka.

Saa saba, baada ya sala, tulirudi mjini, yeye kakaa nyuma yangu. Njia nzima nilitaka kumwambia, na njia nzima nilizungumza habari za mvua.

Saa kumi mchezo ulianza, tukachapwa. Makame alianguka akainuka, akaanguka tena, miguu haimtii. Mtu mmoja kwenye watazamaji akapiga kelele, "Muuza mechi!" Wengine wakapokea. Nilisimama nikawaomba wanyamaze. Jirani yangu akaniuliza, si wewe mwenyewe uliyetwambia?

Mchezo ulipokwisha nilimkuta Makame kaketi chini anavua viatu, soksi zimeganda damu. Aliniuliza bila ya kunitazama.

"Ami, neno hili kalianzisha nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia ni mimi, na kwamba asubuhi nilikwenda Uroa kumchunguza.

Kesho yake nilisema yote kikaoni, na sasa mechi tunazipanga kwa maji. Hilo nimejifunza, nalo lilikuwa jepesi. La pili ni jibu alilonipa Makame pale chini, na hilo nalibeba mpaka leo.

"Jumamosi ijayo maji mafu, ntakuja kucheza," alisema. "Lakini kwetu usende tena. Mamaangu anadhani alipata mgeni."